Jinsi Dawa ya Mama Ilivyopata Jina

Jina lenyewe nimelinakili herufi moja moja, na hata sasa sina hakika kama nimelipatia: Schizosaccharomyces pombe. Aliniandikia padri mmoja wa misheni ya Morogoro, mzee aliyependa majani na wadudu kuliko watu, na siku hiyo alikuwa na furaha ya mtu anayetoa zawadi. Akanieleza kwamba wataalamu wa kwao wakikuta kiumbe kisichojulikana hukipa majina mawili. La kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Nikamwuliza, ukoo wa mama au wa baba? Maana sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na usipoujua ukoo huo huwezi kumzika mtu wala kumgawia shamba. Padri akacheka, akasema viumbe wa namna ile hawana mama wala baba. Mimi sikucheka.

Jina la ukoo ni la Kigiriki, na alivyonifafanulia maana yake ni kuvu ya sukari inayopasuka. Jina la pili halikuhitaji tafsiri. Nililijua kabla sijaota meno, kwa sababu ndilo lililotulisha. Nyumba ya mama yangu, mlimani juu kidogo ya Mkuyuni, ilikuwa nyumba ya pombe, na wapita njia wote wa kwenda na kurudi Kisaki waliijua.

Nitaeleza jinsi ilivyopikwa, kwa sababu nisipoeleza hilo hamtaelewa mama yangu alikufa kwa nini. Mtama unalowekwa, unatandazwa juu ya majani ya mgomba na kufunikwa mpaka uote. Ukiota unaanikwa, unasagwa, na unga wake ndio kimea. Unapika uji, unauacha upoe, unatia kimea, na kesho yake una togwa. Togwa ni tamu. Wanakunywa watoto, wagonjwa na wanawake waliojifungua, na hata mtu akimaliza chungu kizima haimpati kitu. Ili iwe pombe inatakiwa kutiwa machicha mazito yaliyobaki chini ya chungu cha mpiko uliopita. Hayo machicha mama aliyaita dawa. Kwetu kila mpikaji alisema hivyo: dawa ya pombe, basi, neno la kawaida kama chumvi.

Chungu cha dawa hakikuoshwa hata siku moja. Mama alikipokea kwa mama yake, na bibi naye alikipokea kwa mama yake, na siku moja kingekuwa changu. Asubuhi, kabla hajaitikia salamu ya mtu yeyote, mama aliinama akatega sikio kwenye mdomo wa chungu, na sisi tulisubiri nyuma yake. "Imeamka?" tunauliza. Ikiwa inachemka kwa kisauti chake kidogo, anasema, "Imeamka. Haya, hamjambo?" Ikiwa kimya, siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Wakati wa haya ninayosimulia mimi nilikuwa tayari mke wa mtu, nina mtoto mgongoni. Mume wangu alihamia kwetu, kama ilivyokuwa desturi, na mama na mimi tulipika pamoja katika vyungu vilevile. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya Wadachi, kabla ya reli, walipokuwa ndio kwanza wanajenga vituo vyao na kututoa mashambani kubeba mawe. Baba alishafariki. Mkubwa wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mtu mpole mno ambaye Mungu alimpa ukoo wa watu wabishi.

Msafara mmoja wa wapagazi ulishuka kutoka upande wa Kisaki ukiwa na askari wa Mdachi. Walikuwa wamechoka, wengine wanahara damu, na njia nzima walikuwa wakinywa maji ya madimbwi. Walilala kwetu, wakanywa pombe ya mama, wakaendelea na safari. Kabla hawajafika kituoni wapagazi kadhaa walikufa, na askari mmoja pia. Wapagazi wangekufa peke yao pasingesemwa neno. Lakini askari alikuwa na bunduki ya serikali, na mtu wa serikali hafi hivihivi, lazima pawe na aliyemuua.

Askari walikuja kumchukua mama akiwa anatandaza mtama. Waliwabebesha vijana chungu cha dawa na vyungu viwili vya pombe iliyokuwa tayari, tukafuatana wote mpaka kituoni, mwendo wa asubuhi nzima, mama mbele, mjomba na mimi nyuma. Bwana wa kituo aliketi kibarazani. Pembeni yake alikuwapo Mdachi mwingine, kijana mwenye miwani, ambaye watu walimwita bwana mganga. Nilimwona mama akishusha pumzi alipolisikia jina hilo. Alidhani mganga na dawa watasikilizana.

Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, ambaye hakugusa pombe na aliwaona wanaoigusa kuwa ni wanyama. Simlaumu kwa hilo, dini yake ilimkataza. Namlaumu kwa yaliyofuata, na nitamlaumu mpaka niingie kaburini.

"Umetia nini humu?" alimwuliza mama.

"Mtama, na maji, na kimea," mama akajibu. "Na dawa."

Mkalimani akainua uso. "Dawa gani?"

"Dawa ya kwetu. Nimepewa na mama yangu."

"Inafanya nini hiyo dawa?"

"Inaifanya iwe kali. Bila dawa watu wangekunywa wee, isiwapate kitu."

"Na ikimpata mtu?"

"Ikimpata analala," mama akasema, na akatabasamu kidogo, kwa sababu alikuwa anaisifu pombe yake mbele ya wageni.

Nilisimama pale nikasikia kila neno likienda upande usio wake. Mtu yeyote wa Mkuyuni angemwelewa. Hata mkalimani nadhani alimwelewa, maana pwani pia wanajua watu hulala kwa kulewa. Lakini neno dawa ni pana. Kuna dawa ya kikohozi, kuna dawa ya panya, kuna dawa ya kummaliza jirani. Yeye alichagua moja akaipeleka kwa Kidachi, na bwana wa kituo akapiga meza kwa kiganja. Mjomba alijitupa chini. "Shikamoo bwana, shikamoo bwana," alisema tena na tena, kwa kuwa maneno mengine yote yalimpotea.

Bwana mganga alichungulia ndani ya chungu cha dawa, akanusa, akachota kwa kijiko. Alijaza chupa mbili, akaziziba kwa nta. Wakasemezana wao kwa wao, kisha mkalimani akatuambia uamuzi. Chupa zitapelekwa Ulaya, kwa watu wenye kioo cha kukuzia vitu. Wakisema ni sumu, mama atanyongwa. Wakisema si sumu, atarudi nyumbani. Mpaka jibu lije atakaa kwenye mnyororo.

Basi maisha ya mama yangu yakawa ndani ya chupa. Sijui namna nyingine ya kusema.

Siku hiyohiyo askari walirudi nasi mlimani wakavunja vyungu vyote vya kwetu. Hawakuacha hata kimoja. Walivunja vya pombe, vya maji, hata cha kupikia mboga, na miko na machujio wakayatia moto. Walikwenda na kwa dada zake mama, na kwa binti zao, kila nyumba ya ukoo wetu iliyokuwa na dawa ile. Mjomba aliokota kigae cha chungu kimoja, akakilamba mbele ya askari ili waone kwamba hafi, wakamchapa kwa kitako cha bunduki. Chungu cha bibi kilibaki kituoni, na baadaye nilikiona kimepandwa maua.

Nilikuwa napeleka chakula. Mama alifungwa shingoni pamoja na wanawake wengine na wanaume, mnyororo mmoja, wanafyeka njia na kubeba udongo. Akipiga chafya mmoja wote wanayumba. Siku za kwanza alikuwa bado na ukali wake. Aliniuliza kama nimeanika mtama. Nikamjibu nimeanika, ingawa mtama wenyewe ulikwishaoza kwenye majani.

"Wakishaiangalia dawa yangu wataona," alisema. "Dawa haidanganyi, mwanangu. Bora isife tu njiani. Ikifika imekufa watasema nini?"

Hilo ndilo lililomtia hofu. Hakuogopa wataiona ni sumu, aliogopa isifike hai. Aliniuliza meli inakwenda siku ngapi, na kama huko ni baridi, na kama ndani ya chupa inapata pumzi. Mimi ningejuaje? Nilimwambia iko salama. Shingo yake ilikuwa imeota kidonda chini ya chuma, na nzi walikuwa hawatoki.

Siku moja nikafika na ugali wangu, mnyororo haupo. Askari wa zamu alisema wamepelekwa pwani, kuna kazi huko. Nilirudi na ugali uleule, nikampa mume wangu akala. Nilimchukia kwa kula, masikini, na yeye hakuwa na kosa lolote.

Masika ikaja ikaenda, tukavuna, masika nyingine ikaja. Mjomba alifunga safari mara kadhaa kwenda kuuliza kituoni. Bwana wa kituo alishabadilishwa na huyu mpya hakujua habari za mwanamke wa pombe. Ndivyo walivyomwita: mwanamke wa pombe. Hakuna aliyeuliza ni mwanamke wa ukoo gani, wala ni mama wa nani. Watu wa kwetu walianza kunishauri nikubali, tukae matanga, mambo yaishe. Niligombana nao. Nilisema jibu halijaja, na maadamu jibu halijaja mama yangu hajafa. Nilikaa na shangazi zangu na wake wa wajomba wakinitazama kama kichaa, na pengine nilikuwa hivyo.

Ndipo bwana mganga akapita.

Alikuwa akitoka pwani na msafara, na safari hii hakuwa na mkalimani. Alikuwa amejifunza Kiswahili, alichojifunza kwa mpishi wake na askari wake, na alijivunia mno. Alisimamisha msafara mzima Mkuyuni, akauliza nyumba ya mama yangu, akaja kwa miguu mpaka kwetu juu, uso umemwiva kwa jua na anacheka. Nilikuwa natwanga. Nikauacha mchi.

"Wewe toto ya mama pombe?" aliniuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Mimi iko na habari zuri. Ile mama yako, iko hai!"

Nilikaa chini. Wanawake waliokuwa karibu walisikia, na mmoja akapiga kigelegele, na mara vigelegele vikajaa mlima mzima. Mjomba alitoka shambani mbio, jembe mkononi, akafika akihema. "Sema tena, bwana," akamwambia. "Sema tena."

"Iko hai," akasema bwana mganga. "Iko Ulaya. Safari refu sana, meli, baridi. Mimi nafikiri itakufa. Lakini hapana kufa! Imefika, imepewa kidogo sukari, imeamka."

Imeamka. Neno lilelile la asubuhi zetu. Nililia waziwazi, sikujali. Nilimwona mama yangu amefika Ulaya, amechoka, amepewa maji ya sukari na watu wenye huruma, amefumbua macho. Ajabu? Tulikuwa tumesikia ya watumwa waliokombolewa wakapelekwa mbali na mapadri. Yote yaliwezekana.

"Watu kubwa iko tazama yeye kila siku," akaendelea. "Watu ya elimu. Nataka kujua iko kabila gani. Kwanza nasema hii, pengine nasema ile. Mwisho nasema, hii mpya! Hapana fanana na ingine. Sasa imepata jina."

"Wamembatiza," mjomba aliwaambia watu, na wengine wakaguna, lakini mjomba aliwanyamazisha. Kubatizwa si kitu. Arudi tu.

"Atarudi lini, bwana?" niliuliza.

Hakunisikia au hakunielewa. Alikuwa amenogewa. "Na inazaa!" akasema. "Inazaa sana. Leo moja, kesho mia."

Vigelegele vikapungua. Mama yangu alikuwa amekwishapita umri wa kuzaa. Shangazi yangu mmoja aliniangalia, nikaangalia pembeni. Bwana mganga akachuchumaa, akachukua kijiti, akachora ardhini. Kwanza duara, na kiduara kidogo kimeota ubavuni mwake. Hiyo, alisema, ni ya kwao, ya mkate na ya pombe ya Ulaya. Inachipua, inatoa toto ubavuni. Halafu akachora kitu kirefu mfano wa kidole, akakipiga mstari katikati.

"Lakini hii ya mama, hapana. Hii nakua refu, refu, halafu napasuka hapa katikati. Nakuwa mbili. Kwa sababu hii iko na kabila yake mwenyewe. Kabila ya kupasuka. Na jina yake ya pili, mimi naambia wao, pombe. Jina ya hapa! Wewe furahi?"

Niliutazama ule mstari. Nilielewa polepole, jinsi mtu anavyosikia maumivu ya kisu baada ya kuona damu. Kwa yule bwana kila kitu kilikuwa iko. Mtu iko, mbuzi iko, machicha iko. Kiswahili chake hakikuwa na njia ya kumtenga mama yangu na chungu chake.

"Bwana," nikasema, "mimi nakuuliza mama. Mama mtu. Aliyefungwa mnyororo."

"Mama mtu?" Alikunja uso, akafikiri. Sikuona ubaya machoni pake, na hilo mpaka leo linanitesa, maana ningependa kuuona. "Aa. Ile. Ile ilikufa. Zamani. Pwani, ile mwezi ya kwanza."

Hakuna aliyelia papo hapo. Watu walikuwa bado na vigelegele midomoni.

Mjomba ndiye aliyeuliza la pili. Alitaka kujua jibu. Ilikuwa sumu, haikuwa sumu? Bwana mganga alishangaa kuulizwa. Hapana sumu, akasema. Hata kule kituoni, siku ileile, aliwapa kuku wake, wakanywa, wakalala, kesho wakaamka. Alimwambia bwana wa kituo, lakini bwana wa kituo alikuwa na mambo mengi. Chupa alizipeleka Ulaya kwa sababu nyingine, kwa sababu alipoiangalia kwa kioo chake aliona si ya kawaida.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimtukana. Askari wake walikuwa wamesimama nyuma yake. Nilisema, "Ahsante, bwana," naye akaniambia nisihofu, jina hilo halitafutika, litakaa vitabuni hata sisi sote tukifa. Kisha akauliza kama tunayo nyingine, maana angependa kuchukua tena, mbichi. Mjomba akamwonyesha vigae uani. Akasikitika kweli, akatikisa kichwa, akashuka zake kwenda kwenye msafara.

Padri wa misheni, miaka mingi baadaye, aliniambia chupa za namna ile zilitoka sehemu nyingi, na hakuna ajuaye kwa hakika ni chungu cha nani kilichotoa jina. Sawa. Vyungu vya nani vilivunjwa najua.

Tulikaa matanga bila maiti. Tanga letu haliondolewi kwa maji. Linaondolewa kwa pombe ya ukoo wa marehemu, iliyoamshwa kwa dawa ya mama zake, watu wanywe walewe, wamseme marehemu kwa mema na mabaya, wacheke, wamwachilie aende. Dawa ya mama zake mama ilikuwa Ulaya, ndani ya kioo, inapasuka na kuongezeka, hai kabisa. Majirani wa ukoo mwingine walikuja na yao kwenye kibuyu, kwa moyo mwema. Mjomba aliwashukuru akawarudishia. Mtu haagwi na mama wa watu wengine.

Basi nikaloweka mtama, nikauotesha, nikausaga, nikapika. Asubuhi nilitega sikio kwenye chungu kipya nikasikia kimya. Walikuja wengi, kutoka mlimani na kutoka Mkuyuni, na nikawagawia togwa. Walikunywa mpaka ikaisha. Haikuwapata kitu. Hakuna aliyelala, hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtaja mama kwa ubaya wala kwa uzuri, na jua likiwa bado juu waliaga mmoja mmoja wakaenda makwao na akili zao timamu.